Dabo ya Adhabu na Bei Yake

Katika mchezo wa briji, ambamo wachezaji wanne hukaa wawili wawili wakitazamana na kila mmoja hugawiwa karata 13, hakuna karata inayochezwa mpaka mnada umalizike, na mnada huo ndio unaoamua ni upande gani utakaotekeleza mkataba, kwa turufu ipi, na kwa ahadi ya kula mizunguko mingapi. Mzunguko ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji, na aliyeweka karata kubwa kuliko zote ndiye anayeula, ila karata ya turufu, yaani ya aina iliyoteuliwa katika mnada, huzishinda za aina nyingine. Anayetamka "2 za kopa" ameahidi mizunguko 8, yaani 6 ya msingi na 2 juu yake, kopa zikiwa turufu. Anayetamka "4 za shupaza" ameahidi 10. Asiyetaka kupandisha dau husema pasi, lakini yule anayeamini kwamba wapinzani wameahidi wasichoweza kukitimiza analo tamko jingine, nalo ni dabo, ambayo haipandishi dau bali huzidisha alama zitakazopatikana au kupotea iwapo mnada utaishia hapo. Dabo inayotolewa kwa nia ya kuwaacha wapinzani waucheze mkataba wao na kuanguka ndiyo inayoitwa dabo ya adhabu.

Wachezaji wanaoanza huiona dabo hii kuwa ni matokeo ya kuhesabu nguvu: mwenye ree mbili na wafalme wawili hujiona amedharauliwa pale wapinzani wanapopanda hadi ngazi ya nne, na dabo humtoka kabla hajajiuliza jambo lolote jingine. Hata akijiuliza iwapo mkataba utaanguka, bado hajafika, kwa sababu kila dabo ina bei yake, na bei hiyo hubadilika kwa ngazi ya mkataba, kwa hali ya wapinzani na kwa aina ya mashindano. Tena dabo husikiwa na watu watatu, wawili kati yao wakiwa wapinzani, na kile wanachojifunza kutokana nayo kinaweza kuuokoa mkataba uliokuwa ukielekea kuanguka. Bei na habari ndiyo mambo mawili yanayoshughulikiwa katika sura hii, kwa kuwa mengine yote katika uamuzi wa dabo hutokana nayo.

Kanuni za alama zinazotumika leo zina mizizi yake katika mwaka 1925, pale Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani aliyekuwa akisafiri kwa meli ya Finland kupitia mfereji wa Panama, alipowajaribishia wasafiri wenzake mpangilio mpya wa alama alioubuni. Katika mpangilio huo mlikuwa na wazo la upande ulio "hatarini", yaani upande ambao zawadi zake ni kubwa zaidi ukitimiza mkataba mkubwa na adhabu zake ni kali zaidi ukianguka. Bila dabo, upande usio hatarini hupoteza alama 50 kwa kila mzunguko pungufu, na ulio hatarini hupoteza 100. Dabo ikiwekwa, usio hatarini hupoteza 100 kwa mzunguko mmoja pungufu, 300 kwa miwili, 500 kwa mitatu na 800 kwa minne, ilhali ulio hatarini hupoteza 200, 500, 800 na 1,100. Inaonekana mara moja kwamba mzunguko wa kwanza pungufu huleta nyongeza ndogo, na faida halisi ya dabo huanzia kwenye wa pili.

Upande wa pili wa mizani ni mkataba unaotimia licha ya dabo. Wapinzani wasio hatarini wanaocheza 4 za shupaza na kula mizunguko 10 kamili hupata alama 420. Wakiwa wamepigiwa dabo hupata 590, kwa sababu thamani ya mizunguko huzidishwa mara mbili na alama 50 za ziada huongezwa. Aliyepiga dabo amepoteza alama 170 kwa matumaini ya kupata nyongeza ya 50 endapo mkataba ungeanguka kwa mzunguko mmoja, na kwa bei hiyo dabo hailipi isipokuwa pale anapotarajia kuuangusha mkataba zaidi ya mara 3 kwa kila mara 1 utakaotimia. Wapinzani wakiwa hatarini, hasara hubaki ileile 170, toka 620 hadi 790, lakini nyongeza ya mzunguko mmoja pungufu hupanda hadi 100, na dabo huwa nafuu zaidi. Palipo na matumaini ya kweli ya mizunguko miwili pungufu, hesabu hubadilika kabisa, kwani nyongeza ni 200 dhidi ya wasio hatarini na 300 dhidi ya walio hatarini.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mikataba midogo ndiyo yenye bei ghali kuliko yote. Mkataba ambao thamani ya mizunguko yake inafikia alama 100 huitwa gemu, nao hupewa zawadi ya 300, au 500 kwa walio hatarini, ambapo mkataba wa chini ya hapo huambulia 50 tu. Mikataba ya 2 za shupaza na 2 za kopa ina thamani ya 60, na kwa hiyo si gemu. Lakini dabo huifanya iwe 120, na wapinzani ambao hawakuwa na ndoto ya gemu hujikuta wamepewa zawadi yake bure. Wasio hatarini wangepata 110 kwa 2 za shupaza, na sasa hupata 470. Walio hatarini hupata 670. Kinyume chake, 2 za uru zina thamani ya 40, ambayo hata ikizidishwa haifiki 100, hivyo anayekosea kuipigia dabo hupoteza 90 pekee. Ndiyo maana wachezaji makini hulegeza masharti wanapokabili 2 za uru au 2 za pau, na huyakaza sana wapinzani wanapokuwa katika 2 za kopa au 3 za aina yoyote.

Aina ya mashindano huongeza tofauti nyingine. Katika mashindano ya timu, mgao uleule wa karata huchezwa katika meza mbili, na tofauti ya alama kati ya meza hizo hubadilishwa kwa jedwali kuwa pointi ndogo ziitwazo impu. Tuseme wapinzani walio hatarini wako katika 3 za shupaza, na katika meza ya pili mkataba huohuo umechezwa bila dabo. Mkataba ukianguka kwa mzunguko mmoja, dabo imeongeza alama 100, ambazo ni impu 3. Ukitimia, wapinzani wamepata 730 badala ya 140, na tofauti hiyo ya 590 ni impu 11. Anayepiga dabo hapo anapaswa kuwa na hakika ya karibu mara 4 katika 5, na ni nadra kwa mchezaji kuwa na hakika ya namna hiyo juu ya mkataba mdogo. Katika mashindano ya jozi mambo ni mengine kabisa, kwa sababu humo alama za kila jozi hulinganishwa na za jozi nyingine zote zilizoshika karata zilezile, na kuishinda jozi kwa alama 10 kuna thamani sawa na kuishinda kwa 1,000. Upande uliokuwa na uwezo wa kutimiza 3 za kopa na kupata 140, kisha ukasukumwa na wapinzani walio hatarini waliopanda hadi 3 za shupaza, hautafidiwa na 100 za mzunguko mmoja pungufu. Lakini 200 zinazoletwa na dabo huizidi mikataba midogo karibu yote ambayo jozi nyingine zingeweza kuitimiza. Kwa sababu hiyo mchezaji wa mashindano ya jozi ambaye hajawahi kuona mkataba aliopigia dabo ukitimia ni mchezaji anayepiga dabo mara chache mno, na hasara yake, ijapokuwa haionekani, ipo katika kila mgao alioupisha kwa woga.

Baada ya bei huja swali la karata zenyewe, na hapa ndipo palipo na utajiri mkubwa zaidi wa somo hili. Kipimo cha pointi, ambacho huhesabu ree kuwa 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, kinafaa kwa kujenga mikataba, lakini ni shahidi dhaifu wa kuibomoa. Ree na mfalme wa aina ambayo wapinzani wana karata zake chache huenda wakala mzunguko mmoja kabla ya mwenye mkataba kuanza kukata kwa turufu, na mfalme aliyekaa mbele ya ree, yaani anayelazimika kucheza kabla yake, huenda asile chochote. Turufu ndizo mali isiyokatwa. Mchezaji mwenye malkia, ghulamu, 10 na 9 za turufu za wapinzani ana mizunguko miwili ya uhakika kwa pointi 3 tu, na mizunguko hiyo itabaki hata mwenye mkataba akijua kila kitu kilichomo mkononi mwake.

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu zipo turufu zinazostahimili kujulikana na zipo zisizostahimili. Mfano ulio wazi ni wa mwenye mkataba aliyeshika mfalme, 9, 8, 7 na 6 za turufu, huku mkono wa mwenzake, uliolazwa wazi mezani kama kanuni inavyotaka, ukiwa na ree, 10, 4 na 3. Zilizobaki nje ni nne: malkia, ghulamu, 5 na 2. Kwa kawaida zitagawanyika kati ya walinzi wawili, yaani wapinzani wa mwenye mkataba, lakini takriban mara 1 katika 10 zote nne huwa kwa mmoja wao. Mwenye mkataba anaweza kujilinda na balaa hilo kwa upande mmoja tu. Akianza na mfalme kutoka mkononi, atapoteza mzunguko mmoja endapo zote nne ziko kwa mlinzi wa kushoto kwake, kwani ree na 10 za mezani zitamnasa mlinzi huyo anayecheza kabla yake; akianza na ree ya mezani, atakuwa amejilinda na mlinzi wa kulia, lakini aliye kushoto atakula miwili. Bila habari yoyote, chaguo hilo ni la kubahatisha. Mlinzi wa kushoto anapozitazama karata zake nne, huona mizunguko miwili na kushawishika kupiga dabo, na kwa dabo hiyo humwonyesha mwenye mkataba njia iliyo salama, kiasi kwamba mizunguko miwili aliyoitegemea hubaki mmoja. Hasara haikomei kwenye nyongeza ya alama, kwani dabo yenyewe imefuta sababu iliyoileta. Kanuni inayotokana na hali hiyo ni ngumu kuitii kwa sababu inakwenda kinyume cha hamu ya mchezaji: kadiri mgawanyiko mbaya wa turufu unavyoweza kurekebishwa na anayeujua, ndivyo ukimya unavyolipa zaidi.

Mnada nao hutoa ushahidi ambao mara nyingi hupita ule wa karata. Wapinzani wanaofika 4 za shupaza kwa kuruka moja kwa moja wanaweza kuwa na nguvu ya akiba, na mgawanyiko mbaya huenda usiwaangushe; lakini wale waliokwenda hatua kwa hatua, mmoja akaalika gemu na mwenzake akakubali kwa shida, wamekwisha kutangaza kwamba wana nguvu ya kutosha mkataba huo na si zaidi. Katika hali hiyo mchezaji mwenye turufu nne nzuri, aliyekaa nyuma ya mpinzani mwenye nguvu, ana sababu njema ya kupiga dabo hata kama pointi zake ni 6 au 7, kwa kuwa wapinzani walihitaji mgawanyiko wa kawaida na yeye ndiye anayejua kwamba haupo. Wa kumwogopa zaidi ni yule ambaye hakualika wala kukubali, bali alitamka gemu mara moja akiwa na aina moja ndefu, maana nguvu yake iko katika umbo la mkono wake, na ree mbili za walinzi humpunguzia kidogo tu.

Umbo lina maana pia kwa walinzi wenyewe. Tuseme mwenzake mchezaji amefungua mnada kwa 1 ya kopa, mpinzani wa kulia akatamka 2 za pau, na mchezaji ameshika ree, ghulamu, 7 na 4 za shupaza, 6 ya kopa, mfalme, 9 na 5 za uru, na mfalme, 10, 9, 6 na 3 za pau. Pointi zake ni 11, na turufu zake tano zimekaa nyuma ya mwenye pau nyingi. Lakini kinachoupa mkono huu sumu ni ile kopa moja. Aina ya mwenzake hailingani na yake, kwa hiyo upande wao hauna mkataba mzuri wa kukimbilia, na zaidi ya hayo wapinzani wana kopa nyingi mikononi, jambo linalozifanya karata kubwa za kopa za mwenzake zile mizunguko bila kukatwa. Kama angekuwa na kopa nne, hesabu ingegeuka: kopa tisa upande mmoja huwaachia wapinzani nne tu, ambazo zikiisha mapema huwaruhusu kukata kwa turufu, na upande wenye kopa hizo ungefanya vyema kuzicheza wenyewe kama turufu.

Hata hivyo mchezaji wa leo mwenye mkono huo kwa kawaida husema pasi. Mwaka 1957 Alvin Roth wa Marekani alieneza matumizi mapya ya dabo katika nafasi hiyo, yaliyoitwa Sputnik kwa kuwa ndiyo miezi ambayo setilaiti ya Kisovieti ilikuwa ikizungumzwa kila mahali, na kwa matumizi hayo dabo ya aliyejibu baada ya mpinzani kuingilia huonyesha aina ambazo hazijatajwa, si nia ya kuadhibu. Uamuzi huo ulitokana na uzoefu kwamba nafasi za kuadhibu mapema ni chache na nafasi za kutafuta mkataba ni nyingi. Adhabu haikupotea lakini, kwani imekuwa kazi ya watu wawili: mwenye pau nyingi hupisha, na aliyefungua mnada, akiona kwamba yeye mwenyewe ana pau moja au hana kabisa, hutambua kwamba pasi ya mwenzake huenda inaficha mtego, naye hupiga dabo ya kuuliza ambayo mwenzake huipisha tena. Mnada ukiishia hapo, karata ya kwanza ya walinzi inapaswa kuwa turufu, kwa sababu wapinzani waliozidiwa nguvu hutegemea kukata kwa turufu za mkono ulio wazi, na kila mzunguko wa turufu unaochezwa huwapunguzia nafasi hiyo. Kabla ya yote hayo huja ulinganisho na gemu ambayo upande wa walinzi ungeweza kuipata. Iwapo wao hawako hatarini na wapinzani wako hatarini, mizunguko miwili pungufu huleta 500, nayo huizidi gemu ya 400; iwapo hali ni kinyume, hata mitatu pungufu, yenye 500 vilevile, haifikii gemu ya 600.

Katika mnada wa ushindani, ambapo pande zote mbili zimepata turufu zao na kila mmoja anapandisha dau, kipimo chenye msaada mkubwa ni kile alichokieleza Jean-René Vernes wa Ufaransa katika miaka ya 1960 na ambacho Mmarekani Larry Cohen alikieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1992. Kwa mujibu wake, jumla ya mizunguko ambayo pande zote mbili zingeweza kuila, kila upande kwa turufu zake, hukaribiana na jumla ya turufu za pande hizo mbili. Upande mmoja ukiwa na kopa 8 na mwingine shupaza 8, jumla ni 16. Ikiwa 3 za kopa zingetimia kwa mizunguko 9, basi wapinzani watakula 7 tu katika 3 za shupaza na kuanguka kwa miwili. Turufu zikiwa 18, mizunguko 9 ya upande mmoja huwaachia wapinzani 9 vilevile, na dabo huwa ni zawadi. Mike Lawrence na Anders Wirgren walikipinga kipimo hiki katika kitabu cha mwaka 2004, wakionyesha kwamba aina fupi na karata kubwa zilizokaa mahali pake ndizo zinazoamua, na upinzani wao ni wa haki; lakini kwa uamuzi wa dabo katika ngazi ya tatu kipimo cha Vernes bado kinatoa onyo la manufaa, kwamba wenye turufu nyingi upande wao wanapaswa kuwa wazito wa kupiga dabo.

Wapinzani wanapopanda juu ya gemu wakijua kwamba wataanguka, kwa kuwa adhabu itakuwa ndogo kuliko thamani ya gemu hiyo, wanasemwa kuwa wamejitoa mhanga. Zamani hesabu iliwapendelea mno wasio hatarini: hadi mwaka 1987 kila mzunguko pungufu baada ya wa kwanza uligharimu 200, hivyo mtu angeweza kuanguka kwa mizunguko 11 na kulipa 2,100, chini ya 2,220 za mkataba wa mizunguko yote 13 bila turufu unaotimizwa na upande ulio hatarini. Mabadiliko ya mwaka huo yaliufanya mzunguko wa nne na inayofuata igharimu 300, na anguko hilohilo sasa ni 2,900. Dhidi ya kujitoa mhanga, upande wenye nguvu haupaswi kabisa kuwaachia wapinzani mkataba bila dabo, na kutokana na hilo pasi hupata maana mpya: mchezaji anayepisha humwachia mwenzake achague kati ya dabo na kupanda zaidi, ilhali anayepiga dabo mwenyewe anasema kwamba karata zake zinafaa ulinzi na hataki mwenzake aendelee. Kanuni za mchezo zinakataza kuongeza maana hiyo kwa sauti, kwa kusita au kwa namna ya kuweka mezani kadi nyekundu ya dabo, na katazo hilo ni la lazima, kwa sababu hakuna tamko ambalo hisia za mchezaji hulisaliti kwa urahisi kama hili.

Mkataba wa mizunguko 12 una hesabu yake. Wapinzani wasio hatarini wanaotimiza 6 za shupaza hupata 980, na wakipigiwa dabo hupata 1,210, ambapo anguko la mzunguko mmoja huongeza 50 tu kwa walinzi. Na kwa kuwa mikataba hiyo huanguka mara chache kwa zaidi ya mzunguko mmoja, dabo ya kawaida haina faida. Theodore Lightner aliugeuza udhaifu huo kuwa silaha mnamo 1929, alipopendekeza kwamba dabo ya mkataba wa namna hii imwombe mwenzake aanze na karata isiyo ya kawaida, mara nyingi aina ya kwanza iliyotamkwa na mwenye mkono utakaolazwa wazi, kwa sababu aliyepiga dabo hana hata karata moja ya aina hiyo na atakata kwa turufu. Lakini hata hapa habari huwafikia wapinzani pia. Anayeona kwamba 6 za shupaza zitaanguka kwa kukata kwake mara moja pamoja na ree yake hana budi kuangalia iwapo wapinzani wanaweza kuhamia 6 bila turufu, ambamo hakuna kukata, na ree yake itakuwa mzunguko pekee watakaoupoteza.